Filamu Iliyonyooshwa

Nchi yetu sina haja ya kuitaja jina. Walio ndani yake wanaijua, na walio nje hawajawahi kuiulizia. Itoshe kusema kwamba ina amani kubwa, na amani hiyo inalindwa na watu wengi mno. Mimi naitwa Chande Mtulya, karani wa kumbukumbu katika Bodi ya Taifa ya Kutazama. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa, kupiga mhuri na kutoshangaa. Kwa miaka ishirini na miwili sikushangaa hata siku moja, ila mwaka huu niliteleza, na ndiyo maana nayaandika haya kabla sijastaafishwa.

Bodi yetu hutazama filamu kwa niaba ya wananchi. Kila filamu hutolewa Maoni Rasmi, yaani wananchi huambiwa mapema watafurahi wapi na watahuzunika kiasi gani, ili mtu asipate taabu ya kuhisi peke yake. Nchi nyingine hazina utaratibu huu, na tunasikia huko watu hutoka sinema wakibishana.

Mwaka huu, katika Wiki ya Urafiki, ubalozi wa nchi moja ya wasema Kihispania ulitupa filamu. Zawadi haikataliwi, hasa pale mtoaji anapokuwa ameahidi pia matrekta. Filamu iliitwa *Jumanne za Maji*. Ilikuja katika makopo saba ya bati, pamoja na kijitabu cha mazungumzo kilichotafsiriwa Kiswahili na mtu wa ubalozi. Mazungumzo yenyewe yalikuwa machache. Mtu wa ubalozi alituambia, huku akitabasamu, kwamba ni filamu ya mapenzi na pia ni fumbo.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kasanzu, hakutabasamu. Kabla ya kuletwa kwenye sanaa alikuwa mkuu wa magereza, na hadi leo anapenda kitu chenye mlango mmoja.

* * *

Tulikaa wajumbe saba, na mimi wa nane pembeni, nikisoma kile kijitabu kwa sauti. Nilisoma maneno ya mwanamke na ya mwanamume, yote kwa sauti ileile, kwa sababu Bodi hairuhusu karani kuigiza.

Filamu inaanza na mwanamke aitwaye Amparo anakula tini mbele ya kiti kitupu. Kisha anasimama kwenye dirisha la ofisi fulani anamuulizia mtu. Kisha yuko ndani ya beseni kubwa la kuogea, na mwanamume aitwaye Eliseo, fundi wa pampu za maji, anamwosha nywele kikombe kwa kikombe kwa dakika tisa nzima. Kisha wana mvi. Kisha hawajuani, ndiyo kwanza wanakutana kisimani siku ya Jumanne. Kisha wako kitandani, na hapo nilinyamaza, maana kijitabu hakikuwa na neno na picha ilijitosheleza. Kisha kiti kitupu tena.

Mheshimiwa aliagiza sehemu ya kitanda irudiwe mara tatu, ili ajiridhishe kwamba haifai. Alijiridhisha.

Taa zikawashwa. Wajumbe walitazamana kama watu waliohesabu wageni wakakuta amezidi mmoja.

"Kwanza anaachwa, halafu anapendwa?" Mheshimiwa akauliza. "Anamkumbuka mtu kabla hajamjua? Huu ni utovu wa nidhamu. Nani ameelewa?"

Profesa Mgana, mjumbe kutoka chuo kikuu, aliinua mkono. Alisema hii ni filamu kuhusu miradi ya visima. Mwanamke ni Taifa, mwanamume ni Maendeleo, na ndiyo sababu anachelewa kufika. Baadaye aliyaandika hayo katika kurasa sitini na moja, na katika kurasa hizo zote lile beseni aliliita "miundombinu".

Bibi Eufrasia wa dawati la maadili alikuwa amehesabu mabusu. Yalikuwa thelathini na saba. Alisema kwamba hata ndoa halali haiwezi kuhitaji mabusu thelathini na saba kwa saa mbili, na akataka iandikwe kuwa yeye na marehemu mumewe hawakufika hata nusu. Niliandika.

Bwana Tegemea, mhakiki mkuu wa gazeti la *Sauti ya Utulivu*, alikuwa ameshachapisha uhakiki wake Jumapili iliyotangulia. Hapa kwetu uhakiki huandikwa kabla ya kutazama, kwa sababu mhakiki akishaitazama filamu huanza kupendelea. Aliisifu kwa vita vyake vya kusisimua. Alipoambiwa kwamba hakuna vita vyovyote, alifikiri kidogo akasema basi ni vya moyoni.

Mwishowe Mheshimiwa akatoa uamuzi, nami nauweka hapa kama ulivyo katika kumbukumbu: "Filamu inyooshwe. Kilichotokea mwanzo kiwekwe mwanzo, na cha mwisho kiwekwe mwisho. Machafu yaondolewe. Mwananchi wetu asipewe fumbo, ana matatizo yake ya kutosha."

Wote wakapiga makofi. Makofi hayo yalituponza, lakini siku ile yalisikika vizuri tu.

* * *

Kazi ya kunyoosha ilimwangukia Bi Mwantumu.

Bi Mwantumu ni fundi wetu wa kukata na kuunga kanda. Ana mkasi, ana gundi, na ana kamba imekatiza chumba chake kutoka ukuta hadi ukuta, ambako huanika vipande vya filamu kwa vibanio vya nguo, kama mtu aliyefua. Ameyakata mapenzi ya nchi yote hii kwa miaka kumi na tisa na hajawahi kulalamika. Ni mwanamke mnyamavu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo lazima niieleze, ingawa katika ofisi yetu haielezwi.

Mumewe, Nurdini, alikuwa akisoma hali ya hewa redioni. Mwaka mmoja alitangaza kwamba Siku ya Ukombozi mvua itanyesha. Kosa lake halikuwa hilo peke yake, maana mtu huweza kusamehewa kwa kukosea. Kosa lake ni kwamba ilinyesha kweli, na gwaride likalowana mbele ya wageni. Asubuhi iliyofuata watu wawili wenye adabu walikuja kumwomba aende akaieleze mvua. Aliacha chai yake nusu kikombe. Alichukua mwavuli. Miaka kumi na moja imepita sasa.

Serikali yetu haina watu waliopotea. Ina watu walio safarini. Kila mwezi wa Agosti mke hupokea barua yenye mhuri: *Tunapenda kukufahamisha kwamba mumeo bado yuko safarini. Utajulishwa atakaporudi. Tunakutakia utulivu.* Najua zina heshima, kwa sababu nazichapa mimi mwenyewe. Wizara yetu na ile wizara nyingine inayotuma barua hizo hutumia mashine moja ya chapa, na mimi ndiye mwenye vidole vyepesi. Mwaka wa kwanza zilikuwa barua kumi na nne. Siku hizi nahitaji siku tatu.

Bi Mwantumu hakutaka kitu kikubwa. Hakudai fidia, hakudai haki, wala hakumtaja mtu. Alitaka kukaa eda. Alitaka ile miezi minne na siku kumi ya mjane, avae nguo nyeupe, aweke mkeka, watu waje wamwambie pole, walie naye, kisha siku moja atoke aoge, aendelee na maisha yake. Lakini mke wa msafiri hana eda. Akienda kwa kadhi, kadhi anamuuliza: "Serikali imesema yuko safarini, mimi ni nani nimfishe?" Akitaka kusoma hitima, majirani wanaogopa kuja. Kwa hiyo alibaki si mke, si mjane, si mtaliki. Ile chai nusu kikombe aliimwaga yeye mwenyewe siku ya tatu. Aliniambia siku moja kwamba hajutii kitu duniani kama kile.

* * *

Siku ya sita ya kunyoosha aliniita.

"Bwana Chande, hebu njoo uone kitu."

Chumba kizima kilikuwa kimening'inia vipande. Aliniinamisha kwenye kioo chenye taa anachotazamia kanda.

"Unaona nini?"

"Dirisha," nikasema.

"Nje ya dirisha."

"Gari. La buluu."

"Limekuja mara tano. Hapa wanakula. Hapa anamwosha nywele. Hapa wako kitandani, kamera inawaacha inakwenda dirishani, lipo. Kila mara limesogea karibu kidogo. Nyie mlipotazama mlikuwa mnaangalia nini?"

"Tulikuwa tunaangalia maadili, Bi Mwantumu."

Hakucheka. Alishika kipande kimoja kwa ncha za vidole, akakipuliza vumbi.

"Mheshimiwa amesema niwatoe wapenzi. Nikiwatoa wapenzi, Bwana Chande, linabaki gari."

Nilimwambia afuate maagizo. Hilo ndilo jibu langu kwa mambo yote, na halijawahi kunitia matatani. Nilipofika mlangoni akasema, kama anayeongea na kile kipande:

"Mimi langu lilikuja mara tatu. Liliegesha pale bombani. Nilidhani linamjia jirani. Hata nilimwonea huruma jirani."

Nilisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko ninavyoruhusiwa. Kisha nikarudi kwenye meza yangu nikakuta sina la kuandika.

* * *

Jumamosi, saa tisa alasiri, Ukumbi wa Urafiki ulijaa. Kiingilio kilikuwa bure na kuhudhuria kulikuwa lazima. Kwenye kila kiti palikuwa na karatasi ya Maoni Rasmi: *Mwananchi atafurahi kwa kiasi katika nusu ya kwanza. Katika nusu ya pili atapata hamu ya kuchimba visima.*

Mheshimiwa alihutubia kwa dakika arobaini. Alisema kwamba wenzetu walitupa fumbo nasi tumelifumbua, walitupa uzi uliosokoteka nasi tumeunyoosha, na kwamba taifa linaloweza kuinyoosha filamu ya wengine halishindwi kujinyoosha lenyewe. Balozi alipiga makofi. Nadhani hakuwa ameelewa, au alikuwa anawaza matrekta.

Mimi nilikaa jukwaani na kipaza sauti na kijitabu, ambacho nacho Bi Mwantumu alikuwa amekipanga upya. Yeye alikaa safu ya tano, amejitanda khanga.

Filamu ilianza. Safari hii kila mtu alielewa. Amparo anakutana na Eliseo kisimani. Wanapendana. Mapenzi yenyewe hayakuonekana, yalikatwa kwa ustadi: mkono unanyooka kuelekea nywele, halafu dirisha. Beseni linajazwa maji, halafu dirisha. Mlango wa chumba unafungwa, halafu dirisha. Na katika kila dirisha, kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha chini kabisa ya nyumba, gari la buluu.

Mara ya tatu mwanamke mmoja alisema kwa nguvu, "Ondoka hapo, mwanangu!" Hakuna aliyecheka. Mara ya nne hata watoto walinyamaza.

Mara ya tano gari lilikuwa tupu, milango wazi. Baadaye Eliseo hakuonekana tena. Zile mvi tulizoziona kule kwenye Bodi, tukadhani wamezeeka pamoja, kumbe zilikuwa ndoto ya Amparo amelala mezani. Bi Mwantumu alikuwa ameiweka mahali pake.

Kisha Amparo akasimama kwenye lile dirisha la ofisi. Mara ya kwanza nilipoisoma sehemu hii ilikuwa mwanzoni kabisa, hatujamjua mtu yeyote, nikadhani anatafuta fundi wa pampu. Nikafungua ukurasa.

"Namuulizia Eliseo," nikasoma.

Karani wa kwenye filamu hakuinua kichwa. Ana mhuri kama wangu. Nilifurahi kidogo, naapa, kuona kwamba nchi za mbali nako kuna makarani nadhifu. Nikasoma jibu lake:

"Eliseo amesafiri. Utajulishwa atakaporudi."

Nililisoma vizuri, kwa sauti yangu ya kila siku, na spika zikalipeleka hadi mlango wa nyuma. Ndipo nikalisikia. Mtu huweza kuchapa neno miaka kumi na moja asilisikie hata mara moja, maana mashine ina kelele.

Ukurasa ulikuwa na mistari mingine miwili. Sikuisoma. Nilikifunga kijitabu.

Mama mmoja wa safu ya tatu akasema, bila kupaza sauti, "Wangu pia."

Nyuma mwingine akasema, "Wangu mwaka wa saba."

"Wangu na mwanangu."

"Wangu alikuwa na homa walipomchukua. Hata sweta hakuvaa."

Walisema mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu mzuri kuliko kikao chochote cha Bodi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyevunja kiti. Pale kwenye kitambaa cha sinema Amparo alikaa mezani, akamenya tini, akaiweka nusu upande wa kiti kitupu. Ukumbi mzima ulilia. Nilimtafuta Bi Mwantumu kwa macho. Yeye peke yake hakulia. Alikuwa amekaa wima anatazama kitambaa, kama fundi anayekagua kazi yake.

* * *

Jumatatu Bodi ilikutana kwa dharura. Bwana Tegemea alipendekeza gazeti liandike kwamba machozi yale yalikuwa ya furaha, na likaandika. Profesa Mgana aliongeza kurasa nne kuhusu chumvi. Mheshimiwa alikuwa mwekundu macho, sijui kwa nini, na sikuuliza.

"Watu wanasema ile filamu inatuhusu sisi," alisema. "Wanasema yule karani ni wetu. Lazima ijulikane kwamba kule ni kule na hapa ni hapa. Sisi watu wetu wanasafiri. Wao wanaua."

"Lakini filamu haisemi kama yule bwana ameuawa," akasema Bibi Eufrasia. "Kiti ni kitupu tu."

"Basi Bodi itasema."

Ndivyo tulivyofika kupiga kura juu ya uhai wa mtu asiyekuwepo. Watano walisema amekufa. Wawili waliomba abakizwe mahututi. Nikaandika, Mheshimiwa akasaini, nikapiga mhuri, na tangazo likabandikwa milango yote ya serikali: *Bodi imejiridhisha kwamba mwanamume wa kwenye filamu amefariki dunia. Aliyesema kuwa amesafiri alisema uongo kwa mjane. Wananchi wanaruhusiwa kumhuzunikia.*

Hiyo sentensi ya mwisho niliiongeza mimi. Kila Maoni Rasmi lazima yataje hisia inayoruhusiwa, ndiyo kanuni. Sikuwa na nia nyingine, na yeyote atakayeniuliza nitamjibu hivyo hivyo.

Jumanne asubuhi Bi Mwantumu alikuja mezani kwangu na fomu ya likizo. Alikuwa ameshika nakala ya tangazo, bado ina gundi nyuma.

"Miezi minne na siku kumi," akasema.

Nilichukua kalamu. Fomu ina maswali yake, nami huwa siruki swali.

"Sababu ya likizo?"

"Nimefiwa."

"Umefiwa na nani?"

"Na yule wa kwenye filamu. Bodi imethibitisha."

"Uhusiano wako na marehemu?"

Nje mtu alikuwa anafagia. Nilimwona Bi Mwantumu akitazama vidole vyake, vina makovu madogo ya mkasi, na nikajua kwamba nikiinua kichwa nitashangaa, kwa hiyo sikuinua.

"Mke," akasema.

Kanuni inasema karani ataandika yaliyosemwa. Niliandika *mke*. Nikapiga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha kalamu kikaruka.

Kufikia saa sita palikuwa na foleni. Wengine hawakuwa watumishi wa serikali, hawakuwa na likizo ya kuomba, walitaka tu karatasi yenye mhuri ya kumwonyesha kadhi, au padri, au mama mkwe. Nilipiga mhuri hadi wino ukaisha. Wote walikuwa wamefiwa na fundi mmoja wa pampu, katika nchi ambayo hawajawahi kuiona. Mheshimiwa alitoka ofisini, akaisoma foleni yote kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi ndani akafunga mlango. Hakukuwa na kosa la kumkamatia mtu. Tangazo lilikuwa na saini yake.

* * *

Agosti imefika. Mashine ya chapa imeletwa mezani kwangu pamoja na orodha, na nimezichapa zote, maana mimi si shujaa, na anayenisoma asije akanidhania. Ila ya Bi Mwantumu sikuitia kwenye mfuko wa posta. Nilisema nitaipeleka kwa mkono.

Nyumba yake iko nyuma ya bomba la maji. Mlangoni palikuwa na viatu vingi vya kike, na ndani wanawake walikuwa wanasoma kwa sauti ya chini. Mwanamume hamwingilii mwenye eda, kwa hiyo nilisimama nje ya pazia, barua mfukoni, kofia mkononi. Mtu alimwambia kwamba yupo Bwana Chande wa ofisini.

Nilisikia akisogea karibu. Kupitia upenyo wa pazia niliona pindo la nguo nyeupe, na mkeka, na kikombe kimoja kimefunikwa kwa kisahani.

"Bwana Chande. Umeleta kitu?"

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima: *Tunapenda kukufahamisha.* Nilifungua kinywa, na kikatoka kingine.

"Pole kwa msiba, Bi Mwantumu," nikasema. "Pole sana. Alikuwa mtu mwema, na ile mvua ilikuwa kweli."

Ndani usomaji ulikatika. Kwa miaka kumi na moja nadhani hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia neno lile, kwa hiyo hata jibu lake alikuwa hajalitumia. Alilitafuta. Nilimsikia akivuta pumzi, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nimeshapoa," akasema, kisha akaanza kulia.

Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu wenye msiba wao. Wanawake wakamwitikia, nami nikasimama pale nje na kofia yangu mpaka jua lilipohama ukutani. Barua bado ninayo mfukoni. Kwenye daftari la ofisi nimeandika kwamba imefika.